Klipu Moja kwa Mtu Mmoja



Safari hii tunaeleza habari ya watoto wa shule waliojenga ukumbusho. Ukumbusho ni kitu kinachowekwa ili watu wasisahau. Yaweza kuwa jiwe, mti, nyumba, au maandishi. Watoto hawa waliujenga kwa ajili ya watu wasiowajua kabisa, watu waliokufa mbali, zaidi ya miaka 50 kabla. Watu hao walikuwa Wayahudi.

WAYAHUDI NI AKINA NANI

Wengi wetu tukisikia neno Wayahudi tunafikiria Biblia. Tunafikiria Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Na sisi wa Njombe jina hilo la mwisho tunalitamka kila siku, maana tuna kata inayoitwa Yakobi. Waislamu nao wanawasoma Wayahudi katika Kurani, wakiitwa Bani Israili. Basi mtu anaweza kudhani ni watu wa zamani tu, waliokwisha na manabii.

Sivyo. Wayahudi waliendelea kuwapo, na wapo mpaka leo. Wengi walitawanyika katika nchi nyingi. Kufika mwaka 1933, Wayahudi kama milioni 9 walikuwa wakiishi Ulaya. Walikuwa mafundi cherehani, washona viatu, wenye maduka, walimu, madaktari, wachuuzi wa sokoni. Wengine walikuwa matajiri, lakini wengi walikuwa watu wa kawaida, wenye madeni kama sisi.

Mwaka huo wa 1933 Hitla alishika serikali ya Ujerumani. Wazee wetu walimjua Hitla. Vijana wengi wa Tanganyika walichukuliwa katika jeshi la Waingereza, lile tuliloliita Keya, wakapelekwa kupigana Ethiopia na Burma. Waliorudi waliita vita ile Vita ya Hitla. Ilianza mwaka 1939, ikaisha mwaka 1945.

Vita ile ilifika karibu kuliko tunavyodhani. Kidugala, upande wa Wanging'ombe, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolishi, watu wa nchi ya Polandi. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Nchi yao ilikuwa imevamiwa na Wajerumani upande mmoja na Warusi upande wa pili. Warusi waliwahamisha kwa nguvu hadi nchi za baridi kali. Baadaye wakaruhusiwa kuondoka, wakapitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 maelfu yao wakaletwa Afrika Mashariki. Wengine walikaa Ifunda kule Iringa, na wengi zaidi Tengeru karibu na Arusha. Huko Tengeru makaburi yao 149 yapo mpaka leo. Karibu yote ni ya Wakristo, lakini humo limo pia kaburi la Myahudi.

Huyo Myahudi wa Tengeru alikufa mbali na kwao, lakini alizikwa na watu, na kaburi lake linajulikana. Wayahudi waliobaki kule Polandi hawakupata hata hilo. Walikuwa zaidi ya milioni 3. Vita ilipoisha, katika kila Wayahudi 10 wa Polandi, 9 walikuwa wameuawa.

ILIVYOFANYIKA

Mambo hayakuanza kwa kuua. Yalianza kwa maneno na karatasi. Hitla na chama chake walisema Wayahudi ndio chanzo cha shida zote za Ujerumani. Wayahudi wakafukuzwa kazi serikalini. Watu wakaambiwa wasinunue katika maduka yao. Mwaka 1935 ikatungwa sheria kwamba Myahudi si raia kamili, na tena haruhusiwi kuoana na Mjerumani.

Mwaka 1938 ikatoka amri ya ajabu. Kila mwanamume Myahudi ambaye jina lake halikuonyesha wazi kuwa ni la Kiyahudi alilazimishwa kuongeza jina Israeli. Kila mwanamke aliongezewa jina Sara. Hebu fikirini, ndugu wasomaji. Ni majina mangapi ya namna hiyo yamo katika daftari za shule zetu? Huku kwetu mzazi humpa mtoto jina la Sara kwa upendo. Kule lilitumika kama alama ya kupiga mnyama, ili karani akiliona kwenye karatasi ajue huyu ni nani.

Usiku wa tarehe 9 Novemba mwaka huo huo, makundi ya watu yalichoma nyumba za ibada za Wayahudi Ujerumani nzima na kuvunja maduka yao. Vita ilipoanza, Wayahudi wa nchi zilizotekwa wakalazimishwa kuvaa alama ya nyota. Wakakusanywa katika mitaa iliyofungwa. Wengi walipigwa risasi pembeni ya mashimo. Wengine waliingizwa katika mabehewa ya mizigo na ya ng'ombe, wakapelekwa kwenye kambi zilizojengwa kwa kazi ya kuua watu kwa hewa ya sumu. Kambi kubwa iliitwa Auschwitz. Waliochaguliwa kufanya kazi huko walichanjwa namba kwenye mkono. Kuanzia hapo mtu aliitwa kwa namba.

Wayahudi waliouawa ni kama milioni 6. Kati yao watoto ni kama milioni moja na nusu. Wengi miili yao ilichomwa moto, na majivu yakatupwa.

SHULE YA WHITWELL

Sasa twende Marekani, katika jimbo la Tennessee. Huko milimani kuna mji mdogo unaoitwa Whitwell. Tunauita mji, lakini kwa wingi wa watu ni kama kijiji, wakazi 1,600 hivi. Kwa miaka mingi watu wa huko waliishi kwa kuchimba makaa ya mawe. Mwaka 1981 mgodi mmoja wa huko ulilipuka, wachimbaji 13 wakafa. Kwa hiyo msiba waliujua. Wayahudi hawakuwajua. Hapakuwa na Myahudi hata mmoja katika mji ule. Karibu watu wote walikuwa wazungu, na karibu wote Wakristo.

Mkuu wa shule ya hapo, mama mmoja aitwaye Linda Hooper, aliliona hilo kuwa ni tatizo. Watoto walikuwa wakikua wakiona watu wa namna moja tu. Wakitoka kwenda mjini wangeishije na watu wasiofanana nao? Mwaka 1998 shule ikaanzisha darasa la hiari kuhusu mauaji ya Wayahudi. Wanafunzi wenyewe walikuwa na miaka 13 au 14.

Darasa likaenda vizuri mpaka walipofika kwenye ile namba. Milioni 6. Watoto wakasema hawajawahi kuona milioni 6 ya kitu chochote. Hawakuelewa ni kiasi gani. Sisi tunaona hapo ndipo walipokuwa werevu kuliko watu wazima. Sisi watu wazima tukisikia namba kubwa tunatikisa kichwa kana kwamba tumeelewa.

Hebu tujaribu wenyewe kwa mahindi. Kilo moja ya mahindi makavu ina punje kama 3,000. Gunia la kilo 100 lina punje kama 300,000. Ili upate punje milioni 6, unahitaji magunia 20. Yapange magunia hayo kwenye ghala, halafu kumbuka kwamba kila punje ni mtu aliyekuwa na mama yake. Katika magunia hayo 20, magunia 5 ni watoto. Na ukitaka kuzihesabu punje hizo moja moja, ukahesabu punje moja kila sekunde, saa 8 kwa siku bila kupumzika, utamaliza baada ya siku 208. Ukianza wakati wa kupanda, watu watakuwa wanavuna bado unahesabu.

Watoto wa Whitwell hawakuchagua mahindi. Walichagua klipu.

KWA NINI KLIPU

Klipu ni ule waya mdogo uliokunjwa ambao makarani hubania karatasi zisitawanyike. Ofisi ya kijiji inazo. Thamani yake ni ndogo sana. Ikianguka chini hakuna anayeinama kuiokota.

Wanafunzi walisoma kwamba wakati wa Vita ya Hitla, watu wa nchi ya Norwe, ambayo nayo ilikuwa imetekwa na Wajerumani, walibana klipu kwenye makoti yao. Maana yake ilikuwa: tumeshikamana, hatukubali utawala huu. Wajerumani walipogundua wakaipiga marufuku. Mtu aliweza kukamatwa kwa sababu ya kipande cha waya!

Basi wanafunzi wakakubaliana: klipu moja kwa mtu mmoja. Wakaanza kukusanya nyumbani kwao. Wakaandika barua kwa watu wa mbali wakiomba klipu. Mwanzoni zilikuja kidogo kidogo, mpaka ikaonekana kazi haitaisha. Halafu waandishi wawili wa habari, mume na mke kutoka Ujerumani, wakasikia habari zao, wakaandika. Mwaka 2001 gazeti kubwa la mji wa Washington nalo likaandika. Hapo klipu zikaanza kumiminika kwa magunia. Posta ya mji ule mdogo ikaelemewa. Watu wa nchi nyingi walituma. Hata Bill Clinton, aliyekuwa Rais wa Marekani, alituma. Watoto wakahesabu, wazazi wakaja kusaidia, na kila barua ikawekwa kwenye majalada.

Sasa tuseme kitu tunachokiona sisi. Klipu ina upungufu mmoja: haina jina. Klipu moja ni sawa na nyingine, na wale watu hawakuwa sawa. Mmoja alikuwa mpishi hodari, mwingine mkali, mwingine alipenda kuimba. Ukumbusho wa klipu peke yake ungekuwa namba nyingine tu, japo namba nzuri.

Kilichoponya upungufu huo ni barua. Watu hawakutuma klipu tupu. Mtu aliandika kwamba klipu hii ni ya bibi yangu, akataja jina lake na mji wake. Mwingine alikuwa na klipu tano, za wazazi na ndugu watatu. Watoto wa shule moja ya Ujerumani walituma sanduku la safari lililojaa vikaratasi. Walimwandikia Anne Frank, msichana Myahudi aliyeandika habari zake akiwa mafichoni Uholanzi, kisha akafa kambini mwaka 1945 akiwa na miaka 15. Watoto hao wa Kijerumani walizaliwa miaka mingi baada ya vita, na hawakumwua mtu. Hata hivyo walimwandikia kumwomba msamaha.

Wayahudi wazee waliookoka kambini walisafiri kutoka New York kuja Whitwell. Walikaa kanisani mbele ya watu wa mji, wakaeleza waliyoyaona. Wengi wa watu wa Whitwell hawakuwa wamewahi kumwona Myahudi. Wa kwanza waliowaona walikuwa vikongwe hao, wakilia mbele yao.

BEHEWA

Klipu zikawa nyingi mno. Ziwekwe wapi?

Sisi watu wa huku tunalijua behewa la mizigo. Tangu TAZARA ilipokamilika miaka ya 1970, tunayaona Makambako. Ni sanduku la bati au mbao lenye mlango wa kusukuma pembeni. Halina kiti wala choo. Wayahudi walisafirishwa katika mabehewa ya namna hiyo, watu 80, 100 na hata zaidi katika behewa moja, wamesimama, mlango umefungwa kwa nje. Wengine walikufa njiani kwa kiu.

Wale waandishi wawili wa Kijerumani walitafuta mpaka wakapata behewa la zamani la reli ya Ujerumani, lililotengenezwa mwaka 1917, la aina ile ile iliyotumika kubeba watu. Wakalinunua. Mwaka 2001 likavuka bahari kwa meli, likafikishwa Whitwell, likawekwa juu ya kipande cha reli pembeni ya shule. Wakazi walisaidia kupaandaa mahali hapo. Tarehe 9 Novemba 2001 ukumbusho ukafunguliwa. Tarehe hiyo mnaikumbuka: ndio usiku ule wa kuchoma nyumba za ibada.

Ndani ya behewa zimo klipu milioni 11, nyuma ya vioo. Kwa nini 11 na si 6? Kwa sababu Hitla hakuua Wayahudi tu. Aliua pia Waroma, wale watu wa kuhamahama wa Ulaya, na walemavu, na Wapolishi, na wafungwa wa vita, na watu wa dini na siasa asizozipenda. Wanafunzi walikusanya klipu milioni 6 za Wayahudi, wakaongeza milioni 5 za hao wengine.

Wako watu ambao wangeuliza: si vibaya kuwarudisha wafu katika behewa lile lile lililowapeleka kufa? Swali hilo ni la haki, na hata sisi lilitusumbua. Lakini behewa hili sasa mlango wake uko wazi. Mtu anapanda ngazi, anaingia, anatazama, anatoka. Wale wa zamani hawakuweza kutoka.

MTU WA DAR ES SALAAM

Msomaji atauliza, mambo hayo ya wazungu yanatuhusu nini? Twende taratibu.

Mwaka 1904 alizaliwa Dar es Salaam mtoto ambaye baadaye aliitwa Bayume Mohamed Hussein. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani. Katika vita ya kwanza mtoto huyo naye aliingia jeshi la Wajerumani, akiwa bado mdogo. Mwaka 1929 akaenda Berlin. Alidai mshahara wa uaskari, wake na wa baba yake, ambao haukuwa umelipwa. Akaambiwa amechelewa kudai. Akabaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili. Ndiyo, lugha hii hii mnayoisoma hapa.

Yeye hakuwa Myahudi. Lakini zile sheria za damu zilizotungwa dhidi ya Wayahudi ziliwabana watu weusi pia. Mwaka 1941 alikamatwa, akituhumiwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila hukumu. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mwaka 2007 likawekwa jiwe lenye jina lake mbele ya nyumba aliyokaa Berlin. Mawe hayo ni ukumbusho wa namna nyingine. Fundi mmoja wa Kijerumani, Gunter Demnig, alianza kuyaweka miaka ya 1990. Ni tofali dogo la saruji, upana wa sentimita 10, lenye bamba la shaba juu. Huchimbiwa kwenye njia ya miguu, mlangoni pa nyumba ya mtu aliyechukuliwa. Juu yake huandikwa: Hapa aliishi. Halafu jina, mwaka wa kuzaliwa, na yaliyompata. Asiyeinama kidogo hawezi kusoma. Mwaka 2023 mawe hayo yalifika 100,000. Na mara nyingi wanaotafuta habari za jiwe ni wanafunzi. Wanakwenda kwenye majalada ya zamani ya mji, wanauliza wazee, wanachanga fedha ya jiwe.

Myahudi wa Ulaya na Mswahili wa Dar es Salaam wamewekewa mawe ya aina moja. Ndiyo maana tunasema habari hii inatuhusu.

WETU JE?

Kuna swali gumu zaidi, na hatutalikwepa. Wajerumani waliua huku kwetu kabla ya Hitla. Katika Vita ya Majimaji, 1905 hadi 1907, waliteketeza vyakula na mashamba, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanataja kuanzia watu 75,000 hadi 300,000. Angalieni tofauti iliyopo kati ya namba hizo mbili. Katikati hapo pana watu 225,000 ambao hatujui kama wahesabiwe au la. Ni kwa sababu hakuna aliyewaandika.

Mtu anaweza kusema: kwanza tuwakumbuke wetu, Wayahudi wana watu wao. Tunamwelewa. Lakini kukumbuka si kama debe la unga, kwamba ukimpimia jirani kwako panapungua. Wale watoto wa Whitwell, walipojifunza kuhusu Wayahudi, hawakuwasahau wachimbaji 13 wa kwao.

Na sisi hatujalala kabisa. Songea kuna makumbusho ya Majimaji, mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na kila mwaka wanakumbukwa. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa waliouawa na kuwaomba msamaha. Mlolongo wa watu waliofanya jambo hilo liwezekane ni mrefu, na mwanzoni kabisa wapo wale waliotunza majina ya walionyongwa.

NAMNA WANAVYOANDIKA

Wayahudi wenyewe wanafanyaje? Katika mji wa Yerusalemu iko taasisi iitwayo Yad Vashem. Tangu miaka ya 1950 inakusanya majina ya waliouawa. Kwa kila mtu inajazwa karatasi moja. Karatasi inauliza jina, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, kazi yake, alikufa wapi. Chini anaandika jina lake yule anayetoa habari, na uhusiano wake na marehemu. Si lazima awe ndugu. Jirani anaweza kujaza. Rafiki wa shule anaweza.

Kwa njia hiyo, na kwa kupekua majalada, wamefikisha karibu majina milioni 5. Inabaki kama milioni moja. Wengi wa waliobaki ni watoto wadogo, na watu wa vijiji ambako wote waliuawa kwa siku moja, hakubaki jirani wa kuwataja.

Tulipoitazama karatasi hiyo tuliona haina kitu ambacho mhitimu wa kisomo hawezi kukijaza. Maswali yake ni mafupi kuliko fomu za pembejeo. Huku kwetu wazee wanaokumbuka majina ya waliokufa kwa njaa, kama walivyosimuliwa na babu zao, wanazidi kupungua. Wanaojua makaburi ya Kidugala ni ya akina nani nao ni wachache. Daftari moja la shule linatosha kuanzia. Mjukuu aulize, au mama aliyehitimu kisomo aulize, mzee ajibu, na jina liandikwe kama mzee anavyolitamka, hata kama ni la Kibena na karani wa zamani aliliandika vingine.

Wanafunzi walioanza kazi ile Whitwell mwaka 1998 sasa ni watu wazima wa miaka 40 na zaidi, wenye watoto. Klipu hazikukoma zilipofika milioni 11. Ziliendelea kuja, zikapita milioni 30. Nje ya behewa kukawekwa mnara wa kuwakumbuka watoto waliouawa, nao ukajazwa klipu nyingine milioni 11. Miongoni mwa wanaowaongoza wageni wamo wanafunzi wa shule ile, wa umri wa miaka 13 au 14.  Huwapandisha kwenye behewa na kuwaonyesha barua.